Nyoka jike aliyekwama mayai: namna ya kumtambua, kumsaidia, na kujua wakati wa kumfikisha kwa daktari

Mtunza Chatu (mwanzisha uzi)

Wakuu na wadau wote wa nyoka, salaam.

Kila msimu wa kutaga unapofika, swali lile lile hurudi humu: jike ametaga mayai kadhaa, kisha amesimama, na sehemu ya nyuma ya mwili wake bado ina uvimbe unaoonekana kwa macho. Anayeuliza hupewa majibu mawili, ama "mwache tu, yatatoka yenyewe", ama "mkamue polepole kuelekea mkiani", na majibu yote mawili yameua nyoka ambao wangeweza kupona. Mimi ni mtunzaji katika bustani ya nyoka yenye kibali huku Pwani ya Kenya, na kwa kuwa suala hili hutukuta mara kwa mara, nimeona heri tuwe na uzi mmoja ambao mtu anaweza kuelekezwa akausoma wote. Msimamo wangu ninautaja mapema ili anayetaka kuupinga aupinge kwa hoja: mayai kukwama huzuiwa na mazingira mazuri kabla ya kutaga, na yakishakwama ni kazi ya daktari, tena mapema. Katikati ya hayo mawili, vidole vya mfugaji havina kazi.

Tuanze na kumtofautisha jike anayesubiri na jike aliyekwama, kwa sababu wengi huingiwa na hofu kabla ya wakati wakamsumbua mnyama aliyekuwa anaendelea vizuri. Jike mwenye mayai hujivua gamba kabla ya kutaga, na tarehe hiyo ndiyo ya kuandikwa kwenye daftari. Nyoka wa mahindi (Pantherophis guttatus), anayefugwa sana majumbani Ulaya na Marekani, kwa kawaida hutaga kati ya siku 7 na 14 baada ya kujivua gamba hilo. Chatu-mpira (Python regius), yule chatu mdogo wa Afrika Magharibi ambaye makazi yake yanafika hadi kaskazini mwa Uganda, huchukua muda mrefu zaidi, takriban mwezi mmoja. Kwa hiyo mtu ambaye chatu wake alijivua gamba wiki mbili zilizopita hana dharura yoyote. Katika kipindi hicho jike hukataa chakula, huzunguka usiku akitafuta mahali, hung'ang'ania upande wenye joto, na chatu wengine hata hugeuza sehemu ya nyuma ya mwili tumbo likaelekea juu. Yote hayo ni ya kawaida.

Saa huanza kuhesabiwa linapotoka yai la kwanza. Jike mwenye afya humaliza kutaga ndani ya siku moja, pengine mbili. Saa 48 zikipita tangu yai la kwanza, na bado uvimbe uko pale pale, mhesabu kuwa amekwama. Mpaka huo una sababu yake: ukuta wa mrija wa mayai wa nyoka ni mwembamba sana, na yai linalokaa muda mrefu huanza kushikamana nao, huku kilichomo ndani ya yai kikizidi kuwa kizito hadi kuganda. Matibabu yanayowezekana siku ya pili au ya tatu huenda yasiwezekane kabisa baada ya wiki mbili.

Yai lililokwama, ukilitazama kwa ubavu, huwa ni fundo lenye mipaka inayoonekana, mara nyingi si mbali na tundu la haja. Magamba ya mahali hapo huwa yametengana kiasi kwamba ngozi laini iliyo baina yake inaonekana, ilhali magamba ya mbele na ya nyuma ya fundo yamekaa karibukaribu kama kawaida. Jike hujikaza, huinua mkia, tundu la haja hufunguka na kufunga bila kitu kutoka, kisha hupumzika na kuanza tena. Baadaye hulegea na kuacha kujikaza, na hapo ndipo wengi hudhani kwamba ametulia. Ukiona kitu chekundu au cha waridi kimetokeza nje, ukaona damu, au majimaji yenye harufu mbaya, au jike akalegea asijigeuze anapowekwa chali, usisubiri saa 48. Hiyo ni dharura ya saa ile ile.

Kuhusu chanzo, nitakaa zaidi kwenye kile ambacho sisi wafugaji tunakimudu, nacho ni mahali pa kutagia. Jike asiyepata mahali anapopaamini huyazuia mayai. Porini hutafuta shimo, kichuguu, gogo lililooza au rundo la majani, yaani mahali penye giza, unyevu na joto lisilobadilika sana, ambapo mwili wake unagusa kuta pande zote. Ukimweka kwenye kisanduku cha kioo chenye gazeti chini na bakuli la maji, umemnyima kila kitu anachokitafuta. Sanduku la kutagia halina gharama: ndoo au chombo cha plastiki chenye kifuniko, kikatwe tundu linalomtosha kupita, kijazwe nusu kwa makumbi ya nazi yaliyochambuliwa na kuloweshwa. Kiasi cha maji hupimwa kwa mkono. Chukua konzi moja, likamue kwa nguvu. Likitoa matone, limezidi maji, na likibaki limeshikana bila kutoa tone, linafaa. Liwekwe kabla hajajivua gamba lile la mwisho, kwa kuwa jike anahitaji siku za kuingia na kutoka, kulichimbua na kulizoea, na si kuletewa siku anapoanza uchungu.

Jambo la pili ni joto. Nyoka hana joto lake mwenyewe, na misuli inayosukuma mayai hufanya kazi vizuri ikiwa tu mwili umefika kwenye joto linalomfaa. Nyoka wa mahindi apate upande wa joto wa nyuzi 30 hadi 32 za Sentigredi na upande wa baridi wa takriban 24, ili achague mwenyewe. Uzito wa uchaguzi huo ulionekana wazi katika utafiti wa Graham Alexander wa Chuo Kikuu cha Witwatersrand, uliochapishwa mwaka 2018, kuhusu chatu wa kusini mwa Afrika (Python natalensis): majike wenye mayai hutoka shimoni, huota jua hadi joto la mwili likakaribia nyuzi 40, kisha hurudi kuyakumbatia mayai wakiwa na joto hilo. Mnyama anayesimamia joto lake kwa namna hiyo hapaswi kufungiwa kwenye sanduku lenye joto la aina moja.

Mambo mengine nitayapitia kwa haraka: upungufu wa maji mwilini, unene wa kupindukia, ukondefu, jike kupandishwa akiwa bado mdogo, na kukaa kwenye kisanduku kisicho na nafasi ya kutembea hadi misuli ikadhoofu. Wafugaji wa nyoka wa mahindi wana kanuni ya tatu-tatu, kwamba jike asipandishwe kabla ya kufikisha miaka 3, urefu wa futi 3 na uzito wa gramu 300. Ni kipimo cha chini, na mimi ningependa uzito uwe juu ya hapo.

Karibuni kwa maswali na nyongeza. Madaktari wa wanyama mliomo humu, msikae kimya.

Binti wa Kilifi

Ahsante sana kaka Mtunza Chatu kwa maelezo haya. Mimi nina swali la karibu. Majirani walimkuta nyoka wa nyumba, yule wa rangi ya kahawia mwenye mistari miwili myeupe pembeni mwa kichwa, chini ya rundo la makuti wakati wa kuezeka, na walikuwa tayari wameshika fimbo. Nilimchukua nikamtia kwenye ndoo ya plastiki yenye kifuniko kilichotobolewa. Sasa naona ni jike, kwa kuwa nusu ya nyuma ya mwili wake imejaa mafundo yaliyopangana. Amekaa siku kadhaa bila kutaga na anazunguka usiku kucha. Je, huyu amekwama?

Mtunza Chatu

Dada, kwanza hongera kwa kumwokoa, kwa sababu nyoka wa nyumba hana sumu ya kumdhuru mtu na kazi yake kubwa ni kula panya. Kwa maelezo yako, huyo bado hajakwama. Mafundo kadhaa yaliyopangana ni dalili ya mayai yote kuwa ndani, na kuzunguka usiku ni kutafuta mahali pa kutagia. Hata hivyo anaweza kukwama kwa sababu ya ndoo hiyo. Jike aliyekamatwa porini akiwa karibu kutaga, kisha akawekwa kwenye chombo kitupu chenye mwanga, ndiye hasa anayeyazuia mayai hadi yanamdhuru.

Ushauri wangu wa kwanza ni arudishwe nje leo jioni, jua likishazama, mahali penye vichaka na mawe karibu na alipopatikana lakini mbali na mlango wa jirani mwenye fimbo. Atajitafutia shimo usiku huo huo. Kumbuka pia kwamba Kenya huwezi kumfuga mnyama pori bila kibali cha Shirika la Wanyamapori la Kenya (KWS) chini ya Sheria ya Wanyamapori ya mwaka 2013, kwa hiyo kumweka "mpaka atage" si jambo la kuamua nyumbani. Ikiwa kuna jeraha au kitu kimetokeza nje, wapigie KWS au bustani ya nyoka iliyo karibu nawe. Kwenu huko mna bahati kuwa karibu na Watamu, ambako bustani ya nyoka ya Bio-Ken ya marehemu James Ashe na mkewe Sanda imekuwepo tangu mwaka 1980.

Mswahili wa Minnesota

Habari zenu wakuu. Mimi ninaishi Marekani na ninafuga chatu-mpira kwa halali. Jike wangu ametaga mayai 5 mazuri na amejizungusha juu yake, lakini nyuma kabisa, karibu na tundu la haja, kuna fundo moja. Zimepita saa nyingi tangu yai la mwisho litoke, na nikijumlisha tangu la kwanza, tumekaribia kabisa siku mbili. Mfugaji mmoja wa hapa mwenye uzoefu mkubwa ameniambia nimshike, niweke vidole gumba mbele ya fundo, nisukume kuelekea nyuma kwa dakika chache, na kwamba amefanya hivyo mara nyingi bila tatizo. Sitaki kumdharau, lakini baada ya kusoma maelezo ya hapo juu nimesita. Nifanyeje?

Mtunza Chatu

Mkuu, kusita kwako ndiyo busara yenyewe. Ninajua wapo wafugaji ambao wamesukuma na yai likatoka. Wanachokisimulia ni mara zile zilizofanikiwa. Vidole vyako havioni kilicho ndani: hujui kama yai limeshikamana na mrija, kama limepinda, au kama kuna kitu kimeziba mbele yake. Ukisukuma yai lililoshikamana, mrija unachanika, au unageuka na kutoka nje pamoja na yai, au ganda linapasuka ndani na kiini kinamwagika tumboni.

Leo fanya mambo machache tu. Yaondoe mayai matano kwa uangalifu uyapeleke kwenye mashine ya kutotolea, ukiweka alama ya penseli juu ya kila yai ili yasigeuzwe, kwa kuwa kijusi cha nyoka hujishikiza upande wa juu na kugeuzwa kunaweza kumuua. Kisha mweke jike kwenye maji ya vuguvugu ya nyuzi 28 hadi 30, yasiyozidi nusu ya unene wa mwili wake, kwa dakika 20 hivi, nawe ukiwa umekaa hapo hapo, maana jike aliyechoka huweza kuzama hata kwenye maji machache. Hapo atakunywa na mwili utalainika. Mrudishe kwenye sanduku lenye makumbi na joto sahihi, gizani, usimshike tena. Na wakati anapumzika, wewe upo kwenye simu unatafuta daktari anayetibu reptilia, ili miadi iwe ya kesho na si ya wiki ijayo.

Tabibu wa Wanyama

Nimeombwa kuchangia. Mimi ni daktari wa mifugo, nilisoma Sokoine pale Morogoro, na ingawa kazi yangu ya kila siku ni ng'ombe na mbuzi, nimeshughulikia pia nyoka wa bustani za huku Kaskazini.

Kwa daktari, kukwama kwa mayai kuna sura mbili. Ya kwanza ni kuzibwa: yai kubwa mno au lenye umbo baya, mayai mawili yaliyoshikana, mrija uliojisokota au wenye kovu, uvimbe wa viungo vya jirani, au hata mkojo mkavu na kinyesi vilivyojaa mbele ya njia. Ya pili ni kuishiwa nguvu: njia iko wazi na yai ni la kawaida, lakini misuli haisukumi, kwa sababu ya baridi, ukosefu wa maji, lishe mbaya, maambukizi, au uchovu wa mayai yaliyotangulia. Tiba ya moja inaweza kuwa sumu ya nyingine, kwa hiyo siwezi kumchoma sindano nyoka ambaye sijampima.

Kupima ni kumpapasa kwa upole, kisha picha. Ganda la yai la nyoka ni la ngozi na lina chokaa kidogo, kwa hiyo eksirei huonyesha kivuli hafifu tu. Ultrasaundi hutupa habari bora zaidi, kwani huonyesha kama ni yai kweli au ni uvimbe mwingine.

Watu wengi huulizia oksitosini, kwa kuwa wameisikia kwa ng'ombe au kwa akina mama. Homoni inayofanya kazi hiyo kwa reptilia kiasili ni nyingine, inaitwa vasotosini, nayo ni adimu kupatikana kama dawa. Oksitosini huwasaidia kobe vizuri; kwa nyoka matokeo yake ni ya kubahatisha, na nafasi hupungua kadiri saa zinavyopita. Inatolewa tu ikiwa njia iko wazi, nyoka yuko kwenye joto lake, ana maji ya kutosha mwilini, na kalsiamu imesharekebishwa. Ikitolewa pale yai lilipozibwa, misuli husukuma dhidi ya ukuta na mrija unaweza kupasuka. Ndiyo sababu sitaandika kipimo chake hapa, nanyi msinione mchoyo.

Dawa isiposaidia, kuna njia ya sindano. Daktari huingiza sindano kwenye yai, ama kupitia tundu la haja likiwa linaonekana, ama kupitia ubavuni baina ya magamba ya tumbo na safu ya kwanza ya magamba ya pembeni, akavuta kilichomo hadi yai likanywea. Yai lililonywea mara nyingi hutoka lenyewe siku hizo hizo, au kwa msaada mdogo. Njia hii hutegemea kilichomo kiwe bado ni majimaji. Kikishaganda, sindano hutoka tupu. Mtunza Chatu amelieleza vizuri suala la wakati, nami ninalikazia: ukinijia baada ya wiki tatu, umeniachia kisu pekee.

Fundi wa Tanga

Shikamoo Daktari. Ninashukuru kwa elimu hii. Lakini niseme ukweli wa mifuko yetu: huku kwetu daktari anayekubali hata kumgusa nyoka hapatikani kirahisi, na akipatikana yuko mbali. Hiyo njia ya sindano inaonekana rahisi. Mtu mwenye mkono mtulivu, akachemsha sindano yake na kusafisha kwa spiriti, haiwezekani akaifanya mwenyewe?

Tabibu wa Wanyama

Marahaba. Hoja yako ya umbali na gharama ni ya kweli na siipuuzi. Lakini jibu ni hapana. Sindano ile hupita karibu na mishipa mikubwa ya damu, figo, utumbo na mrija wenyewe, na ukikosea kwa unene wa ukucha umetoboa kimojawapo. Hata ukilipata yai, kiini kikivuja kutoka kwenye tundu ulilotoboa na kuingia tumboni, huleta uvimbe mkali wa ndani ambao nyoka hauonyeshi hadi umechelewa. Isitoshe, kazi yenyewe inahitaji mnyama asiyetikisika, na hilo mara nyingi hudai nusukaputi.

Ninachokushauri kwa mazingira yako ni hiki: zungumza na daktari wa mifugo wa wilaya yako kabla ya msimu, si usiku wa dharura. Mwambie una mnyama wa namna gani, muulize kama yuko tayari. Wengi wetu hatukatai kwa dharau, tunakataa kwa kuwa hatujawahi kumwona nyoka mezani, na daktari akipata muda wa kujiandaa na kushauriana na wenzake anaweza kufanya mengi. Taratibu za kupasua na kushona anazijua tayari.

Mlinzi wa Koboko

Naomba kuongeza upande wa wenye sumu, kwa kuwa bustani nyingi za Afrika Mashariki ndio tunaowatunza. Kwa koboko au swila jike, karibu kila kitu kilichosemwa kuhusu kumpapasa na kumwogesha kinafutwa. Hatumshiki jike mwenye mayai kwa ajili ya kuangalia tu. Tunamtazama kupitia kioo, tunaandika tarehe ya kujivua gamba, na tunamwekea sanduku la kutagia lenye mlango unaofungwa kutoka nje, ili akishaingia tuweze kulifunga na kukagua kizimba bila yeye. Sanduku hilo hilo ndilo linalomsafirisha kwa daktari. Huko huingizwa kwenye bomba la plastiki angavu, kichwa kikiwa ndani yake, na dawa ya usingizi ya kuvuta hutolewa kupitia bomba hilo kabla ya mkono wa mtu yeyote kumgusa. Dawa ya kuzuia sumu iwe imekwishathibitishwa kuwa ipo, na hospitali ikijua.

Pia tusisahau kwamba wapo wasiotaga. Kifutu huzaa watoto hai, na kwa wingi wa kushangaza: jike mmoja mwenye asili ya Kenya, aliyekuwa katika bustani ya wanyama nchini Cheki, alizaa watoto 156 kwa mkupuo mmoja. Nyoka wa aina hii nao hukwama, ama na mtoto aliyekufa, ama na mayai viza ambayo hayakushika mimba. Hatari yao ni kubwa zaidi kwa maana moja: mtoto aliyekufa ndani huoza haraka kuliko yai lenye ganda. Tukiona kifutu amezaa na bado ana fundo siku inayofuata, hatungoji.

Fundi wa Tanga

Na jike ambaye hajawahi kukutana na dume? Nina rafiki Muscat ana nyoka wa mahindi mmoja tu, tangu akiwa mdogo, na anasema suala hili halimhusu.

Mtunza Chatu

Linamhusu kabisa, ndugu yangu, na huyo ndiye anayekutwa bila maandalizi. Jike hutengeneza mayai hata bila dume, kwa namna kuku afanyavyo, na mayai yasiyo na mbegu hukwama sawa na yale mengine. Mengine huwa madogo, ya manjano na laini, yasiyompa mrija kitu cha kushika. Kuna hata majike wanaohifadhi mbegu za dume kwa miaka, na wengine wanaozaa bila dume kabisa. Mwaka 2020, katika bustani ya wanyama ya Saint Louis, Marekani, chatu-mpira jike anayekadiriwa kuwa na zaidi ya miaka 60 alitaga mayai 7 ilhali hakuwa amekaa na dume kwa angalau miaka 15. Mwambie rafiki yako kwamba jike mzima, akianza kukataa chakula na kunenepa nusu ya nyuma, awekewe sanduku la kutagia bila kuuliza dume alitoka wapi.

Mswahili wa Minnesota

Wakuu, nimerudi. Nilifanya kama mlivyoelekeza, na yai halikutoka usiku ule. Daktari alimpima kwa ultrasaundi, akathibitisha kuwa ni yai moja na kwamba limekaa karibu na mlango. Hakutoa oksitosini, kwa sababu aliona yai ni kubwa kuliko mengine na limejipinda. Alimpa nusukaputi, akavuta kilichomo ndani ya yai kwa sindano kupitia tundu la haja, likanywea, akalitoa kwa koleo huku akipaka mafuta ya kulainisha pembeni mwake. Mrija haukutoka. Amempa dawa ya maumivu na maji ya chini ya ngozi. Alinionyesha upande mmoja wa ganda uliokuwa umeanza kugandana. Alisema kwa siku chache zaidi angekuwa anazungumza nami kuhusu upasuaji.

Ninauliza mambo mawili. Je, nimlishe lini? Na mwakani ninaweza kumpandisha tena?

Tabibu wa Wanyama

Ninafurahi sana kusikia hivyo. Daktari wako aliyemwona ndiye mwenye neno la mwisho, lakini kwa jumla: maji kwanza, chakula baadaye. Mpe siku kadhaa apumzike, kisha mlo mdogo kuliko kawaida yake, na akiupokea na kuusaga bila kuutapika, uongeze taratibu. Jike aliyetaga amepoteza sehemu kubwa ya uzito wake, na kumshindilia chakula ili arudi haraka humchosha zaidi. Mtazame tundu la haja kila siku kwa wiki ya kwanza, ukitafuta uvimbe, damu au harufu.

Kuhusu mwakani, ningesema mpumzishe msimu mmoja mzima. Kukwama mara moja hakumfanyi kuwa tasa, na kwa kuwa kwako chanzo kilikuwa umbo la yai lile moja, kuna matumaini mazuri. Lakini kabla ya kumpandisha tena, arudishwe kwa ultrasaundi, ili ijulikane kama mrija umepona bila kovu.

Kwa wale ambao majike wao walifanyiwa upasuaji, hesabu ni tofauti. Daktari hupasua ubavuni, baina ya safu za magamba ya pembeni, ili kuukwepa mshipa mkubwa wa damu unaopita katikati ya tumbo. Akiweza, hufungua mrija, hutoa mayai na kuushona. Mrija ukiwa umeoza au umechanika, huuondoa pamoja na ovari ya upande huo. Nyoka ana mirija miwili, na jike aliyebaki na mmoja bado anaweza kutaga, ingawa mayai machache. Nyuzi za mshono hukaa wiki 6 au zaidi, mara nyingi hadi ajivue gamba, kwa sababu ngozi ya nyoka hupona polepole mno kuliko ya mbwa au mbuzi. Jike aliyekwama misimu miwili mfululizo bila chanzo kinachorekebishika, mimi humshauri mwenye naye aache kumpandisha, na azungumze na daktari kuhusu kuondoa mirija na ovari zote mbili, kwani kama tulivyosema, kumtenga na dume pekee hakumzuii kutengeneza mayai.

Binti wa Kilifi

Nami nilete mrejesho. Nilimwachia jioni ile ile nyuma ya shamba, kwenye mawe ya matumbawe yaliyorundikwa mpakani. Aliingia kwenye ufa wa chini kabisa bila kusita. Jirani ameniuliza kama mayai yakianguliwa hapo tutajaa nyoka nyumbani.

Mtunza Chatu

Mwambie kwamba nyoka wa nyumba hayalindi mayai yake. Akishataga anaondoka, na watoto wakiangua hutawanyika kila mmoja njia yake, wakianza na mijusi wadogo kisha panya kadiri wanavyokua. Mawe yale msiyafukue kwa miezi mitatu hivi. Mkilazimika kuyahamisha na mkayakuta mayai, yasogezwe yakiwa yamekaa vile vile yalivyolala, kwenye kivuli chenye udongo wa unyevunyevu, kisha yafunikwe.